Siku za Mwisho za Ibn Battuta katika Nchi ya Andalus

 

Katika kitabu cha ukumbusho kama hiki ni desturi kutaja yaliyopita, na mara nyingi Waislamu watajapo yaliyopita huitaja Andalus, yaani ile nchi ya Hispania iliyokuwa chini ya Waislamu tangu mwaka 711, ikapungua kidogo kidogo mpaka sehemu ya mwisho ya kusini ikawatoka mikononi mwaka 1492. Huitaja kwa fahari na kwa majonzi: fahari ya misikiti yake na vyuo vyake, na majonzi ya kupotea kwake. Mimi leo sikukusudia kurudia fahari hiyo wala majonzi hayo. Nimekusudia kusimulia siku chache tu za mwaka 1350, siku za mwisho za matembezi ya mtu mmoja katika nchi hiyo, na kuonyesha kwamba siku hizo zatuhusu sisi watu wa Gikundamvura, tukaao mbali na Andalus na mbali na bahari, zaidi ya tunavyodhani.

Mtu huyo ni Abu Abdallah Muhammad bin Abdallah, ajulikanaye ulimwenguni kwa jina la Ibn Battuta. Alizaliwa Tangier, katika nchi ya Moroko, mwaka 1304. Alikuwa kijana wa miaka 21 alipowaaga wazazi wake mwaka 1325 kwenda kuhiji Makka. Wazazi wale walidhani wamwaga mtu atakayerudi baada ya mwaka mmoja au miwili. Kumbe hakurudi ila baada ya miaka 24. Alifika Misri, Shamu, Iraki, Uajemi, nchi za Waturuki, Bara Hindi ambako alikuwa kadhi wa Delhi, visiwa vya Maldivi, na mwishowe alisema amefika hata Uchina.

Katika safari hizo, mwaka 1331, alipanda chombo kutoka Aden, akapita Zeila na Mogadishu, akateremka katika pwani ya Waswahili. Mombasa alilala usiku mmoja tu, lakini jicho lake lilikuwa kali: aliona ya kuwa watu wake ni wachamungu na wafuasi wa madhehebu ya Shafii, na ya kuwa mlangoni pa kila msikiti pana kisima kimoja au viwili, na mtu atakaye kuingia huosha miguu yake kwanza, kisha huifuta kwa mkeka mzito uliowekwa pale. Kutoka Mombasa akaenda Kilwa, akaihesabu kuwa ni mmoja katika miji mizuri iliyojengwa vyema. Sultani wa Kilwa wakati huo alikuwa Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa kwa lakabu Abu'l-Mawahib, maana yake Baba wa Vipawa, kwa wingi wa ukarimu wake.

Ibn Battuta asimulia kwamba siku ya Ijumaa, sultani alipokuwa akitoka msikitini, alisimamishwa njiani na fakiri mmoja wa Yemen aliyemwomba zile nguo alizovaa. Sultani akaingia katika nyumba ya khatibu, akazivua, akavaa nyingine, akampa. Kisha mwana wa sultani akazikomboa nguo zile kwa watumwa 10. Na sultani aliposikia jinsi watu walivyoisifu karama ile, akaamuru fakiri aongezewe watumwa 10 wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Msomaji wa leo atasita aonapo wanadamu wakihesabiwa pamoja na pembe. Na asite, lakini ndivyo ilivyoandikwa, na historia ya kweli haichagui mazuri peke yake.

Sasa na tuulize: habari hizi za Mombasa na Kilwa zilitufikiaje? Nani aliyeziandika, wapi, na kwa sababu gani? Hapo ndipo tunapolazimika kuiacha pwani yetu na kumfuata Ibn Battuta mpaka Andalus.

Alirudi Moroko mwezi wa Novemba 1349, akiwa mtu wa miaka 45. Hakurudi kwenye furaha. Tauni kubwa ilikuwa imepita katika dunia yote ya Bahari ya Kati, nayo ilikuwa imemchukua mama yake. Habari ya kifo cha baba yake alikwisha kuipata Damasko mwaka 1348, miaka mingi baada ya kutokea. Basi mwana yule aliyeondoka bila kujua ya kuwa anaaga kwa mara ya mwisho, alikwenda Tangier kuzuru kaburi la mama yake. Kisha akaenda Ceuta, akaugua huko muda wa miezi 3. Na Mwenyezi Mungu alipompa afya, akanuia kuvuka bahari kwenda Andalus kushiriki katika ulinzi wa nchi ya Waislamu. Akapata nafasi katika chombo kimoja cha watu wa Asila, akavuka mlango mwembamba wa bahari, akateremka Gibraltar, mahali ambapo Waarabu hupaita Jabal Tarik kwa jina la jemadari Tarik bin Ziyad aliyevukia hapo mwaka 711.

Alikuwa amekwenda kwa nia ya vita, lakini vita havikumngoja. Mfalme wa Castile, Alfonso wa 11, aliyekuwa ameuzingira mlima ule kwa miezi, alikufa kwa tauni katika kambi yake mwezi wa Machi 1350, na jeshi lake likaondoka. Kwa hiyo yule aliyekuja kuwa mlinzi akajikuta mgeni mwenye nafasi. Akauzunguka mlima, akatazama kuta na silaha zake, akatamani lau angalikuwa mmoja wa walinzi wake mpaka mwisho wa maisha yake. Kisha akashika njia ya bara kwenda kuiona nchi. Ndivyo safari ya jihadi ilivyogeuka kuwa matembezi.

Alipita Ronda, ambako binamu yake alikuwa kadhi, akakaa siku 5. Akateremka Marbella, mji mdogo wa pwani wenye vyakula tele. Hapo alikuta wapanda farasi wakijiandaa kwenda Málaga, akataka kufuatana nao. Lakini wao wakatangulia, naye akabaki nyuma. Ucheleweshaji huo ndio uliomwokoa. Njiani aliona farasi aliyekufa katika shimo, na mbele kidogo kapu la samaki limetupwa chini. Moyo wake ukaingiwa na shaka. Mbele yake palikuwa na mnara wa mlinzi. Akajiambia kwamba lau adui angetokea, mlinzi angalikwisha kutoa habari. Kumbe majahazi 4 ya vita ya adui yalikuwa yamefika ufukoni wakati mlinzi hayumo mnarani. Watu wake waliteremka wakawavamia wale wapanda farasi 12: mmoja aliuawa, mmoja alikimbia, na 10 walichukuliwa mateka. Mvuvi aliyekuwa pamoja nao naye aliuawa, na lile kapu lilikuwa lake. Usiku ule Ibn Battuta alilala katika ngome ya karibu, na asubuhi akafika Málaga.

Ndugu zangu, alichokikuta Málaga chastahili kusomwa na kila mwanachama wa jumuiya yetu. Aliingia katika msikiti mkuu, akamkuta kadhi wa mji ameketi, amezungukwa na wanavyuoni na wakubwa wa mji, wanachanga mali ya kuwakomboa wale mateka. Habari ya msiba ilikuwa imefika kabla yake, na kabla haijapoa walikuwa wamekwisha kukaa kitako na kufungua mkono. Hawakungoja amri ya sultani wa Granada. Hawakuulizana mateka wale ni wa ukoo gani. Ibn Battuta akamshukuru Mwenyezi Mungu aliyemwokoa asiwe mmoja wa wale waliokuwa wakichangiwa, akamsimulia kadhi kisa chake, naye kadhi akastaajabu na kumpelekea zawadi ya ugeni. Hivi ndivyo msikiti ulivyokuwa: mahali pa kusujudu, na pia mahali pa kumtoa mtu kifungoni.

Akaupenda mji wa Málaga. Ausifu kwa zabibu zilizouzwa sokoni ratili 8 kwa dirhamu moja ndogo, kwa makomamanga yake mekundu kama yakuti, na kwa tini na lozi zilizopelekwa nchi za mbali, kama sisi huku tunavyousifu mchele wa bonde la Bugarama. Ausifu kwa vyombo vyake vya udongo vyenye rangi ya dhahabu, na kwa ua wa msikiti wake uliopandwa michungwa mirefu. Kutoka hapo alikwenda Vélez, kisha Alhama, mji ambao jina lake lenyewe latoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya chemchemi ya moto. Na kweli aliona huko maji ya moto kando ya mto, na nyumba mbili za kuogea, moja ya wanaume na moja ya wanawake. Msomaji wa huku kwetu hahitaji kuelezwa maji ya moto yatokayo ardhini ni nini, kwani upande wa Bugarama yamejulikana tangu zamani. Ndipo akafika Granada, mji mkuu wa ufalme wa mwisho wa Kiislamu katika Hispania.

Granada ya mwaka 1350 ilikuwa katika ubora wake. Mfalme wake, Yusuf wa Kwanza, alikuwa amekamilisha mwaka 1348 lango kubwa la ngome ya Alhambra liitwalo Lango la Haki, na mwaka 1349 alikuwa ameanzisha madrasa karibu na msikiti mkuu. Ibn Battuta hakusimulia habari za ngome ile. Alisimulia mto Genil, mabustani na mashamba ya matunda yaliyouzunguka mji pande zote, na kilima kiitwacho Chemchemi ya Machozi, chenye bustani ambazo asema hazina mfano. Asimulia pia kwamba alikuta humo masufii wa nchi za mbali, wa Samarkand, wa Tabriz, wa Konya, wa Khurasan, hata wa Bara Hindi, waliofanya maskani Granada kwa sababu nchi ile iliwakumbusha kwao.

Mfalme hakuonana naye, maana alikuwa mgonjwa. Mama yake mfalme ndiye aliyempelekea mgeni dinari za dhahabu, naye akazishukuru kwa kuwa zilimfaa. Kwa mtu aliyepokewa na masultani wa Delhi na wa Kilwa, kukosa kumwona mfalme wa Granada lilikuwa jambo la kusikitisha. Lakini Mwenyezi Mungu alikuwa amemwekea mkutano mwingine, usiokuwa na ngoma wala bendera, ambao faida yake ilipita faida ya kuonana na wafalme.

Faqihi mmoja wa mji, Abu'l-Qasim Muhammad bin Asim, alimwalika Ibn Battuta katika bustani yake. Wakakaa huko siku 2 na usiku mmoja, pamoja na watu wengine wa elimu. Katika waliohudhuria alikuwamo kijana wa umri wa kiasi cha miaka 29, jina lake Muhammad bin Juzayy. Alikuwa mtoto wa mwanachuoni. Baba yake, Abu'l-Qasim bin Juzayy, mtungaji wa tafsiri ya Kurani iitwayo At-Tas'hil, alikufa vitani karibu na Tarifa mwaka 1340. Kijana huyu alikuwa mwandishi na mshairi mwenye hati nzuri.

Ibn Battuta akazungumza. Mtu aliyekuwa amezunguka dunia aliketi chini ya miti, akaeleza habari za miji aliyoiona na watu aliokutana nao, na wenyeji wakafurahi kama wafurahivyo watu wasikilizapo hadithi ya msafiri. Kila mtu alisikiliza. Mmoja wao alifanya jambo la ziada: alichukua kalamu na karatasi, akaandika majina ya watu mashuhuri ambao mgeni alikutana nao. Huyo alikuwa Ibn Juzayy, na yeye mwenyewe alikuja kuandika baadaye kwamba alikuwapo katika bustani ile.

Matembezi yakakaribia mwisho. Ibn Battuta akatoka Granada, akarudi kwa njia ya Alhama, Vélez na Málaga, akapita ngome ya Dhakwan, akafika tena Ronda. Kutoka hapo alilala katika kijiji cha Banu Riyah, ambako mzee wa kijiji, Ali bin Sulaiman, alikuwa na desturi ya kuwalisha wapita njia, naye akampokea kwa ukarimu mkubwa. Ukarimu huo, wa mzee wa kijiji kidogo tu, uliandikwa katika kitabu kile kile kilichotaja ukarimu wa Sultani wa Kilwa. Kisha akateremka Gibraltar, akapanda chombo kile kile cha watu wa Asila alichojia, akarudi Ceuta. Hakurudi Andalus tena maishani mwake.

Mtu angeweza kudhani kwamba hapo mambo yamekwisha: msafiri amekwenda, ameona zabibu na michungwa, amepiga soga bustanini, amerudi kwao. Na hivyo ndivyo yangalivyokwisha, lau si ile kalamu. Baada ya hapo Ibn Battuta alisafiri tena, mwaka 1352, akavuka jangwa la Sahara mpaka ufalme wa Mali. Wakati huo Ibn Juzayy alihama Granada, akaingia katika utumishi wa Sultani Abu Inan wa Fez. Ibn Battuta aliporudi kutoka Mali, sultani huyo aliamuru safari zake zote ziandikwe, na aliyechaguliwa kuziandika alikuwa yule yule kijana wa bustani ya Granada. Mzee akasimulia, kijana akaandika. Mwezi wa Desemba 1355 Ibn Battuta alimaliza kusimulia. Baada ya muda mfupi Ibn Juzayy akafariki, hali bado kijana. Tazameni ulivyokuwa mdogo ule muda alioruzukiwa, na tazameni alivyoutumia.

Kitabu hicho ndicho kiitwacho Rihla. Kwa karne nyingi kilisomwa na wachache katika nchi za Maghribi, hata kikachapishwa kwa Kiarabu pamoja na tafsiri ya Kifaransa mjini Paris, kati ya miaka 1853 na 1858. Humo ndimo zilimo habari za visima vya misikiti ya Mombasa na vipawa vya Sultani wa Kilwa. Hatuna maelezo mengine ya mtu aliyeiona Kilwa kwa macho yake katika karne ile ya 14 yaliyotufikia kwa ukamilifu kama huo. Mawe ya Kilwa yapo, sarafu zenye jina la Hasan bin Sulaiman zimepatikana. Lakini jiwe halisemi kwamba sultani aliyemiliki sarafu hizo alivua nguo zake akampa maskini. Hayo husemwa na mtu, na hubaki yakiandikwa.

Na haja ya kuandika ilikuwa kubwa kuliko walivyojua wale waliokaa bustanini. Mfalme Yusuf, aliyekuwa mgonjwa Ibn Battuta alipofika, aliuawa mwaka 1354 akiwa katika sala ya Idi. Tarehe 2 Januari 1492 mji wa Granada ulikabidhiwa kwa wafalme Wakatoliki. Karibu na mwaka 1500, kwa amri ya askofu mkuu Cisneros, vitabu vya Kiarabu vilikusanywa vikachomwa moto hadharani, vikaachwa vya uganga tu. Kati ya miaka 1609 na 1614 wajukuu wa Waislamu wale, ingawa walikuwa wamekwisha kubatizwa kwa nguvu, walifukuzwa kutoka nchi ya Hispania. Na Kilwa je? Mwaka 1505, miaka 13 tu baada ya Granada, majahazi ya Wareno chini ya Francisco de Almeida yalifika Kilwa, mji ukatekwa na kuporwa. Miji hii miwili ambayo msafiri mmoja aliiona yote miwili, mmoja katika ujana wake na mwingine katika utu uzima wake, iliangushwa karibu katika kizazi kimoja. Lakini maneno yaliyoandikwa yalikuwa yamekwisha kuvuka, yamehifadhiwa mahali pengine.

Hapana budi kusema pia kwamba kumbukumbu ya mwanadamu ina upungufu. Ibn Battuta alisimulia habari za Kilwa miaka 24 baada ya kuiona. Katika Rihla imeandikwa kwamba majengo ya Kilwa yalikuwa ya miti. Na hali wachimbaji wa mambo ya kale, akiwamo Neville Chittick aliyefanya kazi huko katika miaka ya 1960, wameonyesha kwamba palikuwa na msikiti mkubwa wa mawe na jumba kubwa la mawe la Husuni Kubwa tangu enzi hizo. Wengine husema msimulizi alisahau, wengine husema mnakili alikosea. Yeye mwenyewe alisema kwamba alikuwa amenakili maandishi ya makaburi ya wanavyuoni wa Bukhara, akayapoteza pamoja na mali yake aliponyang'anywa baharini upande wa Bara Hindi. Basi funzo ni hili: asiyeandika mapema huandika na makosa, na asiyeandika kabisa hupoteza yote. Wahenga wa Kiswahili walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na historia ya watu ni mali yao.

Sasa narudi kwetu. Uislamu uliingia Rwanda mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na wafanya biashara na askari na watumishi waliofuatana na Wajerumani kutoka pwani, na kutoka Tabora na Ujiji. Msikiti wa kwanza wa Kigali ulijengwa mwaka 1913. Watu waliwaita Waislamu wote kwa jina moja, Waswahili, kwa sababu ya lugha waliyokuja nayo. Jina ambalo kwa miaka mingi lilitamkwa kwa dharau. Mwaka 2017 lugha hiyo hiyo ilifanywa kuwa lugha rasmi ya Rwanda. Hayo ya nchi nzima yameandikwa. Lakini ya vijiji vyetu hayakuandikwa. Ni nani aliyetoa kiwanja cha kwanza cha kusalia? Ni mwalimu yupi aliyefundisha watoto alifu kwa ubao na makaa? Ni mama yupi aliyekuwa akiosha maiti za wanawake usiku na mchana bila ujira? Ni nani waliovuka Ruhwa na Rusizi kwenda kusoma, na walirudi na vitabu gani? Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliwachukua wengi waliokuwa wakiyajua mambo ya zamani, na maradhi na uzee wawachukua wengine kila mwaka. Kila jeneza litokalo msikitini latoka na kitabu ambacho hakuna aliyekisoma.

Hatuna sultani wa kutuamuru, wala hatumhitaji. Ibn Juzayy hakuwa na amri ya mtu siku ile bustanini. Alikuwa na karatasi. Kila mwanafunzi wa madrasa yetu ana daftari, na wengi wana simu iwezayo kunasa sauti. Na akae na babu yake au bibi yake siku 2 na usiku mmoja. Amwulize majina, aandike majina. Amwulize miaka, aandike miaka. Na mzee akisema sikumbuki sawasawa, aandike hivyo hivyo, kwa kuwa huo nao ni uaminifu. Asiandike sifa peke yake. Aandike na magomvi, na miaka ya njaa, na nani alichanga na nani alikataa, kwa kuwa kitabu kisemacho mazuri matupu hakisadikiwi na watoto. Kisha madaftari hayo yakusanywe, yanakiliwe mara 2 au 3, yawekwe mahali mbalimbali, maana tumeona yaliyofanyiwa vitabu vilivyokuwa mahali pamoja.

Kama ambavyo watu wa Málaga walichanga mali ili kuwatoa mateka 10 mikononi mwa adui, ndivyo nasi tunavyotakiwa kuwatoa wazee wetu katika mikono ya usahaulifu. Fidia yake si dinari. Ni saa chache za kukaa kitako na kusikiliza, na kalamu, ile kalamu ambayo Mola wetu ameitaja katika aya za kwanza kabisa alizomteremshia Mtume wake.

Mwaka 2003, katika mtaa wa kale wa Albaicín, juu ya kilima kinachoikabili Alhambra, ulifunguliwa msikiti mpya wa Granada, na adhana ikasikika tena mahali palipokaa kimya karne 5. Waendao kusali hapo waweza kujua mji ulivyokuwa mwaka 1350, kwa sababu mgeni alizungumza bustanini na kijana akaandika. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili, awarehemu wazee wetu waliotangulia wa Gikundamvura, ambao majina yao yeye anayajua yote, na atujaalie sisi kuyajua baadhi yake kabla hayajatupotea. Amin.